AFYA YAKO: Loweka Muhogo Siku 3



Hapa Mpanda na katika mkoa wote wa Katavi tunalima muhogo. Mvua ikikosekana, mahindi hukauka lakini muhogo hubaki. Muhogo ni akiba yetu. Lakini kumbuka kuwa muhogo una sumu.

Sumu hiyo inatoka wapi?

Mmea hauna miguu ya kumkimbia adui. Kwa hiyo muhogo hujilinda kwa sumu. Huitengeneza katika majani, kisha huipeleka mpaka kwenye mizizi. Mnyama akionja uchungu huacha kula. Ndiyo maana wakulima wengi wanaosumbuliwa na nguruwe na ngedere hupanda muhogo mchungu.

Ndani ya kila mmea mna maagizo ya urithi. Wataalamu huyaita vinasaba. Mtoto hurithi sura ya wazazi wake. Muhogo nao hurithi uchungu wake. Ukipanda pingili ya muhogo mchungu, utavuna muhogo mchungu. Lakini hali ya shamba nayo ina nguvu. Wakati wa ukame mmea huongeza sumu. Hata muhogo mtamu unaweza kuwa mchungu. Basi mwaka wa njaa ndio mwaka wa hatari.

Yaliyotokea Tarime

Mwaka 1985 kulikuwa na ukame wilayani Tarime, mkoa wa Mara. Watu walikula muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vizuri. Baadhi yao walipooza miguu ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo. Hushika zaidi watoto na akina mama. Hauambukizi, wala si uchawi. Lakini miguu ikishapooza hairudi tena kama zamani.

Fanya hivi

1. Menya muhogo. Maganda yana sumu nyingi.

2. Uloweke siku 3, mpaka ulainike. Ukilainika, sumu iliyofungwa ndani hufunguka. Nyingine hutoka kama hewa, nyingine huingia majini. Kwa muhogo mchungu, kuanika juani peke yake hakutoshi.

3. Mwaga maji hayo mbali na mifugo. Kisha kamua, anika na utwange.

4. Kisamvu kitwange, halafu kichemshe sana bila kufunika chungu.

5. Kula ugali wa muhogo pamoja na maharage, karanga au dagaa wa Ziwa Tanganyika. Vyakula hivi husaidia mwili kuondoa sumu iliyobaki.

Mtu akila muhogo kisha akatapika, akaumwa tumbo au akapata kizunguzungu, mpeleke zahanati mara moja.

Mama, baba, ni vigumu kungoja siku 3 watoto wakilia njaa. Kwa hiyo usingoje unga uishe. Anza mapema. Loweka kidogo kila siku, ili kila siku uwe na muhogo uliokwisha kulainika.

Swali la kujadili: Nyumbani kwenu mnaloweka muhogo siku ngapi? Na wakati wa njaa je?