Sanduku la Kuivishia Vanila

Mkulima wa Kagera au wa Unguja avunapo vanila yake, hupata maganda ya kijani yasiyo na harufu hata chembe. Kwani yale manukato yaliyoifanya iwe ghali duniani huzaliwa baadaye, kwa joto, unyevu na subira. Chombo kihitajiwacho si mtambo wa thamani kubwa, bali ni sanduku la mbao lenye kifuniko, lililotandikwa blanketi zito la sufu, ambalo seremala yeyote wa mtaani aweza kulitengeneza.

Kwanza maganda huzamishwa takriban dakika 3 katika maji yenye joto la sentigredi 63 hadi 65, wala yasichemke (na hapa kipimajoto ni bora kuliko kidole, ingawa wenye pupa hukidharau), kisha, yangali moto, huviringishwa blanketini na kufungiwa sandukuni hadi kesho yake, yatoke jasho na kugeuka rangi ya kahawia. Baadaye huanikwa juani saa moja au mbili kila siku, yakarejeshwa sandukuni pamoja na joto lake, muda wa wiki moja au zaidi; halafu hukaushwa kivulini, polepole, kwa miezi. Aghalabu kilo 5 au 6 mbichi hutoa kilo 1 tu. Ukungu ndio adui mkubwa, kwa hiyo maganda hukaguliwa moja moja, na lenye doa hutengwa papo hapo.