Muuzaji amekubali bei, lakini nyumba haijakuwa yako bado

Lubumbashi, siku mwenye nyumba anasema "sawa, leta franga", jamaa wanaanza kupongezana na wengine wanatafuta kamio ya kuhamisha vyombo palepale. Hapo njo hatari inaanza. Kati ya ile "sawa" na siku jina la mununuzi linaandikwa katika kitabu cha konservatere, kunaweza kupita majuma ao miezi, na ni katika ule wakati parsele moja inauzishwa kwa watu wawili, hata watatu.

Sheria ya udongo ya tarehe 20/7/1973, yenye ilirekebishwa mwaka 1980, inasema udongo wote ni mali ya serikali. Mutu ananunua nyumba pamoja na haki ya kutumia udongo wenye iko juu yake. Na karatasi yenye kuhakikisha ile haki ni moja tu: sertifika ya konservatere. Akte ya mauzo, fishi ya parsele, barua ya chef wa avenyu, vyote viko na kazi yake, lakini hakuna hata kimoja chenye kukamata nafasi ya sertifika.

Sertifika huandikwa mara mbili. Moja inabaki katika kitabu kwa konservatere, ingine inapewa mwenye parsele. Kwa hiyo kazi ya kwanza kisha bei kukubaliwa si kuhesabu dola. Ni kuchukua namba ya sertifika ya muuzaji, kwenda ku biro ya konservatere wa eneo lile, na kuomba ilinganishwe na ile ya kitabu. Huko njo mutu anaona kama jina ni lilelile, kama benki iliweka nyumba kuwa rehani ya deni, na kama ni haki ya milele (inayopewa Wakongomani tu) ao ni ya miaka 25 yenye inakaribia kwisha. Kisha kadastre wapime parsele na kuonyesha mawe ya mipaka. Komisioneri wengi watasema "haina lazima, papa huyu ni mutu muzuri". Lakini komisioneri anapata sehemu yake siku ya mauzo. Magumu ya kisha hayamuhusu.

Ingine yenye kuangusha watu wengi: nani anatia sahihi? Sheria ya jamaa inaomba bwana na bibi wakubaliane wote wawili mbele ya kuuzisha nyumba, hata kama sertifika iko na jina la bwana peke yake. Mu Kamalondo, Kenya na Katuba, nyumba nyingi ni za wazee wenye walikwisha kufa. Mutoto mwenye alibaki na funguo anauzisha, wandugu zake wa Kolwezi ao Kinshasa wanasikia kisha mwaka, na kesi inaanza. Mununuzi aombe kuona karatasi ya tribinali yenye kutambua warizi na likwidatere, na warizi wote watie sahihi. Tena kama mama mujane angali anaishi mule ndani, sheria inamupa haki ya kuendelea kutumia ile nyumba. Mama asipokubali, heri kuacha.

Nyumba zingine za zamani ziko na livre ya lojere tu. Ile livre inaweza kufungua njia ya kupata haki ya milele kwa Mukongomani, ikiwa parsele ilipimwa na kadastre. Muuzaji afanye safari hiyo yeye mwenyewe mbele ya kupokea pesa yote. Na parsele za pembeni, upande wa Annexe, zenye kuuzishwa na chef wa mila: sahihi ya chef peke yake haitoi sertifika.

Sasa pesa. Mutu asilipe yote siku moja, na asilipe mkononi bila mashahidi. Chukua mfano wa nyumba ya dola 30.000: avansi ndogo yenye karatasi, sehemu kubwa mbele ya notere siku ya kutia sahihi akte, kupitia benki ikiwezekana, na sehemu yenye inabaki mpaka konservatere afute sertifika ya zamani na kutoa mupya kwa jina la mununuzi. Yote hiyo iandikwe ndani ya akte. Muuzaji atanungunika, ni kawaida.

Na asilale. Kisha miaka 2, sertifika inakuwa haishambuliki tena; mwenye kulalamika anaweza kuomba tu malipo ya hasara. Kama mutu mwingine alikimbia mbele kwa konservatere, mununuzi wa kwanza anabaki na akte yake mkononi.

Kuhama kwenyewe si kugumu sana, lakini kuko na mambo madogo yenye kugharimu. Deni ya SNEL na REGIDESO hufuata nyumba zaidi kuliko mutu, maana wenye kukata moto ao maji wanakuja ku parsele. Muuzaji aonyeshe fakture za mwisho, na konteri ipigwe picha siku ya kupokea funguo. Kama kunako wapangaji, iandikwe nani atawarudishia garanti yao (sheria ya mwaka 2015 inaomba isipite miezi 3) na lini watatoka. Kununua nyumba yenye watu na kuwatupia vyombo inje ni kujitafutia tribinali. Serire zibadilishwe siku ileile. Mwenye kuweza kungoja ahame mbele ya mwezi wa 11, mvua isikute matela barabarani na watoto wasikate masomo katikati. Halafu apite kwa chef wa avenyu aandikishwe, na asalimie majirani wa pande zote mbili: wao njo wanajua mupaka wa kweli uko wapi, na nani mwingine alishakuja kuangalia ile nyumba.