Je, Wajua? Deni la Nyumba Linapopata Mdai Mpya

Ukiweka hati ya ploti benki, anayekudai leo huenda asiwe ndiye atakayekudai mwakani. Soma haya kabla hujapokea simu ya mdai usiyemjua.

Je, wajua kwamba benki inaweza kumpa mwingine haki ya kukudai, na ploti ikabaki yako vilevile? Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 inasema rehani ni dhamana tu, haihamishi ardhi. Kinachohama ni deni na dhamana yake.

Je, wajua kwamba hata wewe mkopaji unaweza kuomba rehani ihamishwe? Kifungu cha 86 cha sheria hiyo kinakuruhusu kuandika barua na kumtaja mkopeshaji mpya. Wa zamani akishalipwa anachodai, anamkabidhi mwenzake. Mdhamini wako pia anaweza kuomba hivyo.

Je, wajua kwamba rejista ya ardhi ina sehemu tatu? Ya kwanza inaeleza ploti yenyewe, ya pili inamtaja mwenyewe, na ya tatu inaorodhesha mizigo iliyo juu yake, rehani ikiwemo. Rehani ikihamishwa, jina linalobadilika ni lile la sehemu ya tatu. Ploti ya Nairobi hupekuliwa kupitia Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021.

Je, wajua kwamba hadi 2012 baadhi ya rehani za Kenya zilifuata sheria ya India ya 1882? Wakoloni waliileta, Uhuru ukaikuta, na ikaendelea kutumika kwa miaka 49 mingine kabla ya kufutwa.

Je, wajua kwamba katika kijiji cha Raila, Kibera, mwenye nyumba hana rehani ya kuhamisha? Raila, kama Kianda, Gatwekera na Silanga, imejengwa juu ya ardhi ya umma. Landilodi anamiliki kuta za udongo na mabati, wala si udongo ulio chini yake. Nyumba huuzwa kwa makubaliano yanayoandikwa mbele ya mashahidi, na karatasi hiyo haiingii katika rejista ya ardhi. Ukienda Kawangware mambo ni mengine: ploti nyingi ni za watu binafsi wenye hati, na hati hizo hulala benki wakati ghorofa inapanda. Wapangaji wa pande zote mbili hulipa kodi kila mwezi, lakini ni landilodi wa Kawangware tu anayeweza kuamka akakuta rehani yake imepata mdai mpya.

Je, wajua kwamba benki ikianguka deni lako halianguki nayo? Chase Bank iliwekwa chini ya mrasimu Aprili 2016. Agosti 2018, SBM Bank Kenya ilichukua sehemu ya mali na madeni yake, mikopo ikiwemo. Aliyedhani amepona akakuta mdai amebadilisha jina tu.

Je, wajua kwamba huenda wewe mwenyewe ulishahamishwa bila kujua? M-Shwari, huduma ya mikopo kwa simu, ilianza Novemba 2012 chini ya benki ya CBA. Tarehe 1 Oktoba 2019 CBA na NIC ziliungana zikawa NCBA. Aliyelala Raila akiwa na deni la M-Shwari la CBA aliamka akidaiwa na NCBA, na simu yake haikubadilika hata kidogo.

Je, wajua kwamba rehani yako inaweza kuwa dhamana ya deni la benki yako? Kampuni ya kufadhili upya mikopo ya nyumba nchini, KMRC, iliundwa 2018 na kupata leseni ya Benki Kuu Septemba 2020. Haimkopeshi mwananchi. Inazikopesha benki na sacco pesa za muda mrefu, nazo huweka mikopo ya nyumba ziliyotoa kuwa dhamana. Wewe unaendelea kulipa dirisha lilelile. Tanzania ilitangulia na kampuni ya aina hiyo, TMRC, mwaka 2010.

Je, wajua kwamba kufikia mwisho wa 2023 benki za Kenya nzima zilikuwa na mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu? Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 4.3 Nairobi peke yake.

Je, wajua kwamba kasoro ya rehani huhama pamoja nayo? Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani kihalali bila sahihi ya mume na mke. Aliyenunua deni lenye kasoro hiyo amenunua na kesi.

Je, wajua kwamba mdai mpya hana njia ya mkato kwenda mnadani? Ukishindwa kulipa, sheria inataka upewe notisi ya siku 90 kurekebisha mambo, kisha ya siku 40 kwamba mali itauzwa. Dalali naye anatoa yake ya siku 45. Mkopo wa benki ukishaacha kulipwa, riba haiwezi kuzidi salio la mkopo lililokuwapo siku ulipokwama. Kanuni hiyo imo katika Sheria ya Benki tangu 2007.

Je, wajua kwamba karatasi moja iliyokosekana iliwahi kubatilisha minada Marekani? Nyumba mbili mjini Springfield zilipigwa mnada 2007. Januari 2011, Mahakama ya Juu Zaidi ya Massachusetts ilisema U.S. Bank na Wells Fargo hazikuthibitisha kwamba zilikuwa zimekabidhiwa rehani hizo kabla ya kuuza. Minada ikafutwa.

Je, wajua kwamba kuhama benki kuna gharama? Mara nyingi rehani ya zamani hufutwa na mpya kuandikishwa. Ushuru wa stempu ni asilimia 0.1 ya deni, yaani shilingi 3,000 kwa mkopo wa milioni 3, kisha mwongeze wakili na mthamini. Piga hesabu kabla ya kukimbilia riba ya chini.

Je, wajua kwamba ulichomlipa mdai wa zamani kabla ya kuarifiwa hakipotei? Kanuni ya sheria ya kawaida iliyorithiwa kutoka Uingereza inakuhesabia malipo hayo. Kwa hiyo tunza risiti, dai barua kutoka kwa mkopeshaji uliyekopa kwake, kisha pekua rejista. Akija mgeni na barua yake tu, mpe kiti, usimpe pesa.