Chang'aa iliyolala kwenye pipa: safari na waonja bourbon wa Louisville, Columbus na Buffalo

LOUISVILLE, Kentucky – Ndugu wasomaji, wale msiogusa kileo mtuwie radhi, maana leo tunaandika habari za pombe na hatutazunguka mbuyu. Hata hivyo someni. Mtu aliyetufanya tuandike makala hii hajawahi kuonja hata tone. Ni Msomali wa Columbus aliyekulia Eastleigh, Nairobi, na ndiye aliyekuwa dereva wetu, kwa sababu kila mtu mwingine garini alikuwa amebeba glasi yake mkobani.

Tukiwa barabarani akatuuliza: "Jamani, kule Nairobi nimewaona walevi wengi. Lakini sijamwona hata mmoja akinusa pombe na kusema inanukia nini. Walikuwa wanameza, wanafuta mdomo, wanaondoka. Kwani mlikuwa mnakimbizwa na nani?"

Tulicheka, lakini hakuna aliyemjibu.

Kikundi hiki hakina jina wala mwenyekiti. Ni Waafrika Mashariki wanane pamoja na dereva wao: Wakenya, Watanzania wawili, Wakongo na Mganda mmoja. Yuko muuguzi, yuko dereva wa malori, yuko anayefanya kazi ghalani usiku, na tupo sisi tuliokuwa tukiandika magazetini kabla ya kuondoka nyumbani bila kuaga. Kwa kawaida hukutana kwa zamu katika miji mitatu wanamoishi, wakinywa bourbon kidogo kidogo na kuelezana wanachokisikia mdomoni. Safari hii tuliamua kuipitia miji yote mitatu kwa mkupuo mmoja. Sharti la kikao ni kwamba maelezo yote yawe kwa Kiswahili. Maneno ya Kizungu yaliyoandikwa nyuma ya chupa hayahesabiwi. Dereva ndiye katibu, kwa sababu ifikapo saa nne usiku ni mwandiko wake tu unaosomeka.

Tulianza Louisville kwa kuwa ndiko pombe yenyewe ilipo. Katika jimbo la Kentucky mapipa ya bourbon yanayosubiri kuiva ni mengi kuliko watu, zaidi ya mara mbili. Karibu na maghala kuna ukungu mweusi unaotanda juu ya kuta na miti, unaolishwa na mvuke wa pombe inayopotea kwenye mapipa kila mwaka. Fungu hilo linalopotea wenyewe huliita fungu la malaika. Mwaka 2012 baadhi ya wakazi wa Louisville walikwenda mahakamani kuulalamikia ukungu huo. Kwetu fungu la namna hiyo humwagwa chini kwa ajili ya wazee waliotangulia, na hakuna anayeshtakiwa.

Mwenyeji wetu, Mkongo wa Bukavu, alijifunza kuonja kutoka kwa wenzake kazini. Alitupanga mezani kama watoto wa madrasa. Unanusa mdomo ukiwa wazi kidogo, la sivyo ukali unakupofusha pua. Funda la kwanza ni la kuuosha ulimi, halihukumiwi. Funda la pili unalizungusha mdomoni mpaka liguse ufizi, kisha unalimeza na kusubiri. Joto linaloshuka kifuani watu wa hapa huliita kukumbatiwa na Kentucky. Halafu unadondosha maji kidogo na kuanza upya, na utashangaa harufu nyingine zinavyojitokeza.

Chupa ya kwanza ilikuwa Maker's Mark, ambayo baada ya mahindi hutiwa ngano badala ya nafaka ya rai. Muuguzi wetu, dada wa Mombasa, alisema: "Mkate wa mofa uliopakwa asali." Hakuna aliyempinga. Ya pili ilikuwa Wild Turkey 101, yenye kileo cha asilimia 50.5, na hapo ndipo mabishano yalipoanza. Mmoja alisikia karafuu na mdalasini vikikaangwa kwa ajili ya pilau, kabla maji hayajatiwa. Mtanzania wa Dar es Salaam akasema hapana, hii ni karakana ya seremala pale Keko, mbao mpya na vanishi. Mganda akashikilia kwamba anasikia ndizi mbivu zilizopitiliza, na alishikilia hivyohivyo kwa kila chupa mpaka Buffalo. Ya tatu ilikuwa Evan Williams ya lebo nyeupe. Dereva wa malori, mtu wa Kakamega, aliinusa kwa muda mrefu kisha akasema: "Mahindi ya kuchoma kando ya barabara. Ule upande ulioungua."

Alikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Kwa sheria ya Marekani, bourbon lazima itokane na nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi, na ilazwe katika pipa jipya la mwaloni lililounguzwa ndani kwa moto. Rangi yake yote inatoka kwenye mti huo. Inapotoka mtamboni ni nyeupe kama maji. Haya tuliyaeleza kwa sauti mezani, na tukaona wale wa Magharibi mwa Kenya wakitazamana. Mahindi yaliyochachushwa, yakachemshwa, mvuke ukapozwa na kukusanywa ukiwa mweupe kama maji? Hiyo kwetu ina jina.

Msomaji asidhani bourbon ilizaliwa ikiwa safi. Katika karne ya 19 wauzaji wengi walikuwa wakichukua spiriti mbichi na kuitia rangi na ladha kwa tumbaku na vitu vingine vya kutisha, kisha wakaiita wiski ya zamani. George Garvin Brown wa hapa Louisville alianza kuuza Old Forester mwaka 1870 katika chupa zilizofungwa tu, ili mnunuzi ajue haijachezewa. Mwaka 1897 ikaja sheria ya pombe ya ghala la serikali: iwe ya kiwanda kimoja, ya msimu mmoja, ilale si chini ya miaka minne ikisimamiwa na serikali, na iwe na kileo cha asilimia 50. Lebo nyeupe ya Evan Williams tuliyokuwa tukinywa inafuata sheria hiyo mpaka leo. Maana yake ni kwamba mnywaji wa Kentucky alipata muda wa kunusa na kubishana juu ya ladha baada ya kuhakikishiwa kwamba kilichomo ndani ya chupa hakitamuua.

Na mikono iliyojenga ujuzi huu haikuwa ya wazungu peke yao. Jirani hapa Tennessee, aliyemfundisha Jack Daniel kutengeneza wiski alikuwa Mwafrika aliyekuwa mtumwa, Nathan Green, maarufu kwa jina la Nearest. Kampuni ya Jack Daniel's, ambayo wamiliki wake wako hapa Louisville, ilikuja kulitangaza jambo hilo waziwazi mwaka 2016 tu.

Kutoka Louisville hadi Columbus ni mwendo wa saa tatu na ushei. Ohio ina mtindo wake: pombe kali ni biashara ya serikali ya jimbo, na maduka huiuza kama mawakala wake. Chupa zinazotafutwa sana serikali huzitoa kwa bahati nasibu. Wenzetu wawili hushiriki kila mara na hawajawahi kushinda. Serikali inayochezesha bahati nasibu ili raia wapate pombe ya mahindi! Dereva alitikisa kichwa, akarudia swali lake la njiani.

Safari hii tulimjibu. Ada yetu ya shule ya msingi na sekondari ililipwa kwa chang'aa. Nyanya yetu alikuwa akiipika nyuma ya nyumba karibu na mto: kangara kwenye pipa, moto wa kuni, maji baridi ya kupozea yaliyobadilishwa na sisi watoto. Matone ya kwanza aliyatenga, hakumwuzia mtu. Baadaye alimimina kidogo kwenye kijiko na kuwasha kiberiti kuona moto wa buluu unavyokaa. Wataalamu wa Kentucky nao huyatenga matone ya kwanza, kwa sababu zilezile. Lakini nyanya hakuwahi kupewa jina la mtaalamu. Tangu mwaka 1980 Kenya ilikuwa na sheria maalumu ya kuipiga marufuku chang'aa, na tuliwajua askari kwa mlio wa viatu vyao. Mteja alisimama mlangoni, akameza, akaweka sarafu, akaondoka. Ni nani angenusa? Ungekaa na kikombe mkononi dakika kumi, ungelala ndani.

Si Kenya peke yake. Uganda mwaka 1965 ilitunga sheria ya enguli iliyowataka wapikaji wawe na leseni na wauze kwa kiwanda, na huko ndiko ilikotoka chupa ya Uganda Waragi. Tanzania nayo gongo ni haramu miaka yote.

Kinachofichwa huharibika. Novemba 2000, katika vitongoji vya Mukuru jijini Nairobi, watu wapatao 130 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, spiriti ya viwandani ambayo mwilini hugeuka asidi inayoua mshipa wa jicho. Wengine walibaki vipofu. Mjomba wetu naye alipofuka miaka michache baadaye, kwa kikombe alichonunua mjini. Hakuwa amekunywa ya mama yake, kwa sababu wiki hiyo mtambo wa nyanya ulikuwa umevunjwa na waliotumwa kuuvunja. Tumelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko tunavyoweza kuandika hapa.

Mwaka 2010 muswada wa mheshimiwa John Mututho ulipita na chang'aa ikahalalishwa, mradi itengenezwe kwa viwango na kutiwa katika chupa za kioo. Kwa maandishi ni sheria nzuri, inafanana na ile ya 1897. Lakini nyanya wa kijijini angetoa wapi mtaji wa chupa na leseni? Februari 2024, Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa kwa pombe haramu, na ikaelezwa kwamba pombe hiyo ilikuwa kielelezo cha kesi kilichotoweka kituo cha polisi.

Tuwe wakweli pia kuhusu Marekani. Hapa nako kujipikia pombe kali nyumbani kumekatazwa na sheria ya shirikisho kwa zaidi ya karne moja, ingawa mwaka 2024 jaji mmoja wa Texas aliipinga. Na pombe ni pombe: mmoja wa waanzilishi wa kikao hiki hayupo tena mezani, ameacha kabisa, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake.

BUFFALO tulifika jioni baada ya saa tano za barabara, baridi ikitoka ziwani. Tunawaonya wageni: bourbon iitwayo Buffalo Trace haitoki Buffalo, inatoka Frankfort, Kentucky. Hata hivyo hapa nako wapo watengenezaji wadogo. Jimbo la New York lilipitisha mwaka 2007 sheria ya viwanda vya shambani, inayompa mtengenezaji mdogo leseni nafuu ikiwa atatumia zaidi mazao ya humuhumu jimboni. Tulipoieleza hiyo, mtu wa Kakamega alitaka kujua ilivyoandikwa, kifungu kwa kifungu.

Aliyetukaribisha ni mama mmoja mtu mzima kutoka Uvira, mkimbizi, mwimbaji wa kwaya. Tulimpikia wali na sisi wenyewe tukala sombe yake. Baada ya chakula mwenzetu wa Bukavu akatoa chupa ndogo aliyoinunua Frankfort. Ni ya Buffalo Trace hiyohiyo, lakini haijalazwa kwenye pipa. Wameitia chupani kama ilivyotoka mtamboni, na wakaiita White Dog, yaani mbwa mweupe. Kileo chake kinapita asilimia 60. Inauzwa dukani, ina lebo, risiti unapewa.

Ilipozunguka meza hakuna aliyesema neno la seremala wala la pilau. Mtu wa Kakamega aliinusa, akaiweka chini, akaenda kusimama dirishani. Sisi tulisikia moshi wa kuni mbichi, ingawa tunajua vizuri kwamba mle kiwandani hakuna kuni.

Mama akaomba kikombe. Akanywa kwa mtindo tunaoujua sote, mara moja, kichwa nyuma.

"Hii ni kanyanga," akasema. "Munanidanganya na karatasi tu."

Alituambia kwamba kule Uvira aliipika kwa mahindi na muhogo, miaka kumi na moja, akalea watoto wanne. Akaishika chupa, akaigeuza, akamwomba dereva amsomee maandishi yote, na bei. Kisha akauliza: "Na polisi?"

"Hakuna polisi, mama," dereva akamjibu.

Akajimiminia tena, kidogo, safari hii akakaa nayo. Tulimwonyesha jinsi ya kufungua mdomo kidogo wakati wa kunusa. Alinusa mara tatu, macho amefumba, dereva akisubiri na kalamu.

"Andika," akasema. "Mahindi ya kulowekwa siku ya tatu. Pipa yenye kuoshwa na majani. Na maji ya ziwa, asubui."