Mkate wa dirisha: yai moja kabla ya kwenda masomoni

Saa kumi na mbili na nusu za asubuhi kila nyumba ya Kalemie inajua haraka ile ile. Mmoja anatafuta kiatu, mwingine analilia daftari, maji ya kunawa yamebaki kidogo ndani ya ndoo, na makala hayajashika moto. Saa moja na nusu masomo yanaanza. Basi mtoto anatoka na chai tupu tumboni, au na andazi moja alilolila njiani, au bila kitu. Sisi tunaoandika haya ni wamama na pia ni walimu, kwa hiyo yanayofuata tunayaona kwa macho yetu: ikifika saa nne vichwa vinaanza kulala juu ya meza. Tangu masomo ya msingi yawe bure mwaka 2019 madarasa yamejaa, na mwalimu aliye mbele ya watoto wengi namna ile hawezi kujua nani mvivu na nani ana njaa. Mara nyingi aliye na njaa ndiye anayeitwa mvivu.

Leo tunaleta chakula cha asubuhi kinachopikwa kwa dakika tano, ambacho watoto wenyewe wanapenda kukitengeneza. Watu wa nchi nyingi wanakijua, kila mahali na jina lake. Sisi tumekiita mkate wa dirisha: kipande cha mkate chenye tundu katikati, na yai linachungulia ndani ya tundu.

Kata kipande cha mkate chenye unene wa kidole kimoja. Kikiwa chembamba kinapasuka, kikiwa kinene sana yai linabaki bichi upande wa juu. Geuza kopo dogo, bonyeza mdomo wake katikati ya mkate na uzungushe mpaka mduara utoke. Tia mafuta kijiko kimoja kwenye kikaango, mafuta yapate moto lakini yasitoe moshi, kisha weka mkate. Subiri kidogo upande wa chini uanze kuwa mwekundu. Hapo ndipo unamimina yai ndani ya tundu na kutia chumvi kidogo. Funika kwa sahani ya bati. Ule mvuke unaozuiliwa na sahani ndio unaoivisha juu, na watu wengi wanaosema yai lao halikushika walisahau kufunika tu. Baada ya dakika mbili geuza kwa mwiko, hesabu polepole mpaka 60, toa.

Ule mduara mdogo uliotoka kwenye mkate usitupwe. Ukaange pembeni ya kikaango, mtoto atauchovya kwenye kiini. Lakini tunawaonya mapema: kipande hiki kidogo kinaleta vita kuliko mkate mzima. Nyumbani kwetu tumeweka sheria kwamba anayekata siye anayechagua kwanza, na tangu siku hiyo vipande vinakatwa sawasawa kama kwa rula.

Kazi igawanywe kwa umri. Mdogo wa miaka 4 au 5 anaweza kubonyeza kopo, na hiyo kwake ni furaha ya siku nzima. Wa miaka 8 anavunja yai, ila alivunje kwanza ndani ya kopo, si moja kwa moja kwenye kikaango. Ganda likianguka atalitoa, na yai likiwa bovu mkate wa watu hautaharibika. Moto na kikaango ni vya mkubwa. Na tunaposema mkubwa hatusemi msichana. Tunayo mazoea mabaya hapa kwetu: binti anaamka mapema kuchota maji na kuwasha moto, halafu kaka yake anaamshwa chai ikiwa tayari, na darasani tunamuuliza binti kwa nini anapiga miayo. Mvulana wa miaka 12 anayeweza kuwasha taa ya mtumbwi hashindwi na kikaango. Tumeona pia kwamba wavulana wanaipenda kazi hii zaidi kwa sababu ya mchezo uliomo, basi tuwaachie.

Mchezo wenyewe uko kwenye dirisha. Nani amesema lazima liwe la mviringo? Kwa ncha ya kisu mkubwa anaweza kukata mraba, pembetatu, nyota, samaki. Watoto wa mwaka wa kwanza, ambao bado wanasoma herufi kwa Kiswahili, wakatiwe herufi ya jina lao. Herufi O ni rahisi, D haisumbui, ila M itakupotezea asubuhi yote, mwenye jina hilo aelezwe kwa upole. Mtoto aliyekula herufi yake haisahau. Mwambieni pia aangalie yai linavyobadilika: ute unaanza kuwa mweupe kabla kiini hakijashika, kwa sababu ute huanza kuganda karibu na nyuzi joto 60, kiini kwenye 65 na kwenda juu. Akiuliza kwa nini, asikatazwe kuuliza.

Tunajua swali lililo kwenye midomo ya wengi: mayai tutayatoa wapi? Nyumba yenye watoto 6 haiwezi kuvunja mayai 6 kila asubuhi, na sisi hatufanyi hivyo. Vunja mayai 3 ndani ya bakuli, tia kitunguu kilichokatwa vidogo sana, nyanya moja iliyotolewa maji, chumvi, kisha pigapiga na umimine kijiko kwa kijiko ndani ya madirisha 6. Kila mtoto anapata nusu yai na haoni kama amepunjwa, maana dirisha lake limejaa. Mara mbili kwa juma inatosha kuanza.

Tena sisi watu wa ziwa tuna msaada mwingine. Chukua ndagala wakavu, toa vichwa kama vina mchanga, waweke kwenye moto kidogo mpaka wakauke kabisa, watwange. Kijiko kimoja cha unga huo ndani ya mayai yaliyopigwa kinaongeza nguvu bila mtoto kulalamika juu ya mifupa, na mifupa ile ile ndiyo yenye chokaa inayojenga meno yake. Usitie chumvi tena kabla ya kuonja. Twange wengi wakati soko limejaa, uweke kwenye chupa yenye kifuniko, kwa sababu kila mama hapa anajua majuma ya mwezi mpevu: taa za wavuvi hazivuti samaki mbele ya mwanga ule, mitumbwi inapumzika, na ndagala wanapanda bei. Siku hizo ndizo yai linapata kazi.

Mkate nao una mambo yake. Ule mkubwa wa mraba ndio rahisi. Mikate midogo mirefu haina nafasi ya tundu, lakini kuna njia: kata juu yake kama kifuniko, toa nyama ya ndani kwa vidole, mimina yai ndani ya shimo, rudisha kifuniko, weka kwenye sufuria kavu iliyofunikwa juu ya makala machache mpaka yai lishike. Mkate wa jana ni mzuri kuliko wa leo, maana umekauka kidogo na hauvunjiki. Kama hakuna mkate kabisa, bukari ya mahindi iliyobaki usiku, ikiwa imefunikwa vizuri na haijachacha, inakatwa vipande na kutobolewa vivyo hivyo. Ya mihogo tunashauri muiache, inanata kwenye kikaango na kumkasirisha mpishi.

Kuhusu mafuta, wengine wanadharau mawese asubuhi kwa ajili ya harufu. Ni hiari ya kila nyumba. Lakini rangi ile nyekundu ndiyo ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, inayosaidia macho na kinga ya mtoto, na mtu anayeyachoma mawese mpaka yageuke meupe ameichoma rangi hiyo pamoja na faida yake. Moto mdogo tu.

Sasa tuje kwenye neno gumu. Kuna nyumba ambazo mayai yapo, kuku wanataga nyuma ya jiko, na bado mtoto haonjeshwi. Tumesikia bibi zetu wakisema mtoto akizoea yai atakuwa mwizi. Tumesikia pia kwamba mama mwenye mimba akila yai atazaa mtoto asiye na nywele. Tunawaheshimu bibi zetu, na labda zamani maneno hayo yalikuwa na kazi: kuku mmoja, mayai machache, na kila yai linaloliwa ni kifaranga kinachokosekana. Neno la kutisha lililinda kiota. Lakini yai halifundishi mtu wizi wala halinyoi nywele. Yai moja la kawaida lina karibu gramu 6 za protini, ambayo ndiyo inayojenga mwili, na ndani ya kiini kuna vitu ambavyo ubongo wa mtoto unavihitaji. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa 2023, linashauri kwamba mtoto kuanzia miezi 6 hadi 23 apate kila siku chakula kitokacho kwa wanyama: nyama, samaki au mayai. Mtoto mdogo namna hiyo haumpi mkate uliokauka, unampondea yai lililoiva kabisa ndani ya uji.

Hata hivyo tusifanye yai kuwa dawa ya kila kitu. Huko Ekuador, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2017, watoto wachanga walipewa yai moja kila siku kwa miezi 6, na kudumaa kukapungua kwa karibu nusu. Watu walishangilia. Kisha jambo hilo hilo likajaribiwa Malawi, katika wilaya ya Mangochi iliyo kando ya ziwa, na matokeo yake yakatoka 2019: kwa urefu wa watoto yai halikuleta tofauti. Moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba watoto wa huko walikuwa tayari wanakula samaki wengi. Tukisoma habari hiyo sisi wa Kalemie tunapaswa kujiona ndani yake. Nyumba inayompa mtoto ndagala kila siku haina sababu ya kuona haya kwa kukosa mayai. Inayouza samaki wote na mayai yote ili inunue soda ya wageni, hiyo tuzungumze nayo.

Mambo ya usafi hatuwezi kuyaruka katika mji unaojua kipindupindu kama wetu. Anayeshika yai bichi anawe mikono kwa sabuni kabla na baada, na maji ya kunawia na ya kuoshea kopo yawe yametiwa dawa au kuchemshwa, si yaliyotoka ziwani au Lukuga moja kwa moja. Yai lisioshwe siku ya kulihifadhi, kwa sababu ganda lina utando unaozuia wadudu. Lioshwe linapokaribia kuvunjwa. Kulijaribu, litie ndani ya bakuli la maji: likilala chini ni jipya, likisimama ni la zamani kidogo, likiwa bado zima lipikwe mpaka likauke, likielea liache. Kiini laini kinachotiririka ni kitamu, lakini wenye mimba na walio chini ya miaka 5 wapewe kilichoshika.

Na mbabula iwashwe nje au mlangoni, hata kama mvua inanyesha. Makala yana hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba kilichofungwa kwa ajili ya baridi ya asubuhi kinaweza kuua watu waliolala. Chakula hiki kinahitaji makala mkono mmoja au miwili tu. Tia sufuria ya chai kwanza, na ikichemka ndipo kikaango kinapanda, kwa moto ule ule.

Wenye kuku wa kienyeji tunawaomba wasichukue mayai yote. Kuku akitaga 12, acha 8 alalie, 4 yawe ya kikaango. Andikeni tarehe kwa kalamu ya risasi juu ya kila ganda linaloingia kikapuni, kazi hiyo apewe mtoto anayejifunza tarakimu, na yaliyotangulia yaliwe kwanza.

Maganda yaliyobaki msiyatupe njiani. Yakaushwe vizuri kwenye kikaango chenye moto, yatwangwe mpaka yawe unga, wapewe kuku wanaotaga pamoja na pumba. Yasitolewe yakiwa vipande vikubwa, kwa maana kuku akilitambua ganda ataanza kudonoa mayai yake mwenyewe ndani ya kiota, na kuku wa namna hiyo dawa yake ni sufuria.