Joto la London na mimea inayolala

Tarehe 19 Julai mwaka 2022, kipimajoto cha uwanja wa ndege wa Heathrow, magharibi mwa London, kilionyesha nyuzijoto 40.2. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu kumbukumbu za hali ya hewa zianze kuwekwa, kwa Uingereza kuvuka nyuzi 40. Wakati majirani wakihangaika kutafuta feni, mwandishi wa makala haya alikuwa akimwagilia maji chungu kimoja kilichokuwa dirishani.

Ndani ya chungu hicho mlikuwa na Aeonium, mmea wenye majani manene yanayohifadhi maji, yaliyojipanga kuzunguka kitovu kimoja mfano wa ua la waridi. Kitawi chake nilipewa na bibi mmoja wa Kikenya, sasa marehemu, ambaye sote katika jengo letu tulimwita Shangazi. Majani yalikuwa yamejikunja na kunywea, nami nikadhani ni kiu. Nikamwagilia jioni tatu mfululizo. Juma moja baadaye kichwa cha mmea kilinibakia mkononi, shina likiwa jeusi na linanuka.

Si kiu, ni usingizi

Mimea mingi hufungua vitundu vidogo vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya ukaa, na kwa vitundu hivyo hivyo hupoteza maji. Mimea ya majani manene hufanya kinyume. Huvifunga jua linapowaka, huvifungua usiku penye ubaridi, kisha huihifadhi hewa hiyo kwa umbo la asidi hadi kupambazuke.

Utaratibu huu unategemea usiku wenye ubaridi. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki huwa hakuna shida. Mchana ukiwa mkali kiasi gani, alfajiri mtu hujifunika blanketi. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 19 Julai, katika sehemu kadhaa za Uingereza joto halikushuka chini ya nyuzi 25, na kuta za matofali za London hutunza joto la mchana hadi usiku wa manane. Joto na ukavu vikizidi, mmea huweza kuvifunga vitundu vyake hata usiku. Hapo haukui, na mizizi yake hainywi ila kidogo sana. Maji yanayomiminwa hubaki kwenye udongo wenye joto, hewa ya mizizi huisha, na ukungu wa kuozesha hupata makazi.

Aeonium ndiyo yenye usingizi mzito kuliko wenzake. Aina zake nyingi asili yake ni Visiwa vya Canary, ambako mvua hunyesha majira ya baridi na majira ya joto huwa makavu. Kujikunja kwa majani na kupukutika kwa yale ya chini ni desturi yake ya kila mwaka. Aina mojawapo, Aeonium leucoblepharum, humea penye miamba ya milimani kuanzia Yemen na Ethiopia hadi Kenya na Uganda. Kwa hiyo Shangazi hakukosea alipousifu kuwa ni mmea wa kwetu, ingawa ule wake aliununua sokoni hapa hapa London.

Jua la saa 16

Wengi wetu tuliotoka karibu na ikweta hulidharau jua la Ulaya. Ni kweli kwamba mwezi Juni halifiki utosini mwa mtu wa London. Lakini huangaza kwa zaidi ya saa 16 na nusu, na kuchwa kwake ni baada ya saa tatu usiku. Mmea uliokaa miezi sita katika kiza cha majira ya baridi, ukitolewa ghafla roshanini, huungua siku hiyo hiyo, na kovu la kahawia halifutiki. Uzoesheni kwa muda wa wiki mbili, kwanza kivulini, kisha kwenye jua la asubuhi.

Joto likipanda, usogezwe mbali kidogo na kioo au uwekewe pazia jepesi saa za mchana, na dirisha liachwe wazi usiku. Chungu cha udongo chenye tundu chini kinafaa kuliko kopo jeusi la plastiki, ambalo huwa kama sufuria juani. Mboji ichanganywe na changarawe nyingi.

Echeveria, ambayo asili yake ni Mexico, huhitaji maji zaidi ya Aeonium iliyolala, lakini udongo ukauke kwanza, na maji yasituame katikati ya majani. Ule unga mweupe juu ya majani yake si vumbi. Ni nta ya kuukinga na jua, wala haupaswi kufutwa. Mshubiri ukigeuka rangi nyekundu juani hauugui. Hurudi kijani kivulini. Wanaofikiria kujaza mishubiri kwenye mizigo yao wakirudi kutoka likizo wajue kwamba jamii yote hiyo, isipokuwa Aloe vera, inalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES na huhitaji vibali.

Jani lenye kiu hukunjamana lakini rangi yake hubaki. Jani linalooza huwa la manjano, laini kama ndizi iliyoiva mno, na hupenyeza mwanga. Ukiona hivyo, kata shina juu ya sehemu iliyooza hadi ufikie nyama safi, kikaushe kipande kivulini kwa siku kadhaa, kisha kisimamishe kwenye changarawe kavu. Mimi nilichelewa.

Kilichonisaidia ni jirani wa ghorofa ya chini, niliyekuwa nimempa kitawi miaka miwili kabla. Chake alikisahau kwenye ngazi, kivulini, bila tone la maji kwa mwezi mzima. Kilikuwa kimefumba kama ngumi. Mwishoni mwa Septemba, usiku ulipoanza kuwa na ubaridi, alikinywesha mara moja, na baada ya siku chache majani yakakunjuka. Alinikatia tawi. Sasa liko chumbani kwangu, na huingizwa ndani kila mwaka kabla baridi haijafika nyuzi 5.