Asilimia ya nini?

Siku moja ya mvua kijana wa kanisa letu hapa Mususa alikuja kwangu na viatu mkononi, karatasi imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati. Alikuwa amekwisha kupata diploma ya Serikali, na asilimia yake haikuwa mbaya. Lakini kwenye mtihani wa kuingia chuo kikuu alianguka, na kilichomwangusha ni hesabu. «Pasta,» akasema, «formule zote nazijua. Ekwasio nazimaliza vizuri. Lakini wanaleta maneno, maneno, maneno, na mimi sioni hesabu iko fasi gani.»

Baba yake anachimba dhahabu upande wa Manguredjipa. Alikuwa ametuma neno kwamba kama mtoto ameanguka, basi aache vitabu, akuje kushika nyundo, sababu wadogo zake wanne nao wanangojea minervali. Mama akaomba miezi mitatu, mpaka mtihani mwingine. Baba akakubali miezi mitatu, hakuna hata siku moja juu yake.

Mimi si mwalimu wa hesabu. Kwenye shule ya Biblia hesabu tuliyofanya ni ile ya miaka ya wafalme wa Israeli na wa Yuda, ambayo nayo inaumiza kichwa. Lakini nilikuwa na chumba nyuma ya kanisa, ubao, na mwalimu mmoja wa sekondari aliyekubali kutusaidia kila Jumamosi baada ya salongo. Tukaanza na vijana watano. Wengine wakaongezeka, kati yao watoto wa wakimbizi wa Beni na wa Lubero, ambao masomo yao yamekatika-katika tangu mauaji yaanze upande wa Beni mwezi wa Oktoba 2014. Mtoto aliyebadilisha shule mara tatu, usimuulize sababu gani hajui kanuni ya tatu.

Juma la kwanza mwalimu alituchezea mchezo. Aliandika ubaoni: «Pasta ana mbuzi 26 na kondoo 10. Pasta ana miaka mingapi?» Kalamu zikakimbia. Karibu wote waliandika 36. Niliwashukuru sana, maana walinipunguzia umri. Mmoja tu, binti anayeuza makala pamoja na mama yake, aliinua kichwa na kuuliza: «Mbuzi wanaingia namna gani katika miaka ya Pasta?»

Mwalimu akatueleza kwamba swali hilo si lake. Karibu na mwaka 1980, watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwauliza watoto wa shule za msingi hivi: kuna merikebu yenye kondoo 26 na mbuzi 10, kapiteni ana umri gani? Watoto wengi walijumlisha wakajibu 36. Kumbe ugonjwa huu si wa Mususa peke yake. Mtoto amezoea kwamba mwalimu akitoa namba mbili, ni lazima kuzifanyia kitu, na hasomi tena maneno yaliyo katikati.

Na kwetu iko sababu nyingine. Mtihani wa Serikali, unaofanyika tangu 1967, umewazoeza wanafunzi kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyokwisha kuandikwa. Mwenye akili ya haraka anajaribu hili, anajaribu lile, mpaka moja linaingia. Lakini karatasi ya kuingia chuo ikikuambia uonyeshe njia uliyopita, hapo hakuna mlango wa nyuma.

Tena hesabu zote hizo zinakuja kwa Kifaransa, na mtoto anafikiri kwa Kinande au kwa Kiswahili. Tuliona vijana wakubwa, wenye diploma, wanachanganya «3 de plus que» na «3 fois plus que». La kwanza ni kuongeza 3, la pili ni kuzidisha kwa 3. Kama Kambale ana 12, rafiki yake kwa njia ya kwanza ana 15, kwa njia ya pili ana 36. Neno moja dogo tu, na mtu amekwisha kuanguka. Kwa hiyo tukaweka sharia: hakuna kushika kalamu mpaka umesimama na kuwaelezea wenzako ile hesabu kwa Kiswahili, bila kutaja namba hata moja. Ni nani yuko ndani? Ana nini? Anatafuta nini? Mwanzoni walichekana sana. Kumbe yule asiyeweza kuieleza bila namba hajaielewa bado.

Sasa nifike kwenye hesabu yenyewe ambayo ilinifanya niandike kurasa hizi. Mwalimu alisema: tuache treni, hapa hakuna treni, tuandike ya shimo. Akaandika:

«Shimo limetoa gramu 70 za dhahabu. Gharama za chakula na za motopompe ni gramu 10, zinatolewa kwanza. Katika kinachobaki mwenye shimo anapata 40%. Kinachobakia tena wachimbaji 8 wanagawana sawasawa. Kila mchimbaji anapata gramu ngapi?»

Kijana wetu alikuwa wa kwanza kumaliza. Alichukua 40% ya 70, akapata 28. Akatoa 28, akatoa na gharama 10, zikabaki 32. Kwa watu 8, kila mmoja gramu 4. Akaweka kalamu chini na kutabasamu.

Yule binti wa makala akamuuliza: «Asilimia ya nini?»

Akarudi kusoma. Kweli, imeandikwa gharama kwanza. 70 kutoa 10 ni 60. Mwenye shimo anapata 40% ya 60, ni 24. Zinabaki 36. Kwa watu 8, kila mmoja gramu 4,5. Akafuta, akaandika vizuri, kisha akanyamaza muda mrefu. Nilifikiri ni haya ya kukosolewa na msichana. Hapana. Mwishoni akasema polepole: «Pasta, ile ya kwanza ndiyo wanafanya kwa baba.»

Patano la baba yake na wenzake lilikuwa gharama kwanza, ndipo asilimia. Siku ya kugawanya, mwenye shimo alianza na asilimia yake. Na kwa kuwa kila mtu aliona «40%» imeheshimiwa, hakuna aliyelalamika. Kwa mfano wetu tofauti ni nusu gramu kwa kila mtu, gramu 4 kwa wote 8, na zote zinaingia mfuko mmoja. Fanya hivyo mara kwa mara kwa mwaka mzima, mtaona minervali za watoto zilienda wapi.

Wapendwa, sisemi kwamba kila mwenye shimo ni mwizi. Wako wanaokosea kwa kutojua, kama vile kijana alivyokosea akiwa na diploma mkononi. Lakini nimeishi na wachimbaji muda wa kutosha kujua kwamba kosa la namna hii mara chache sana linamnufaisha mchimbaji.

Kijana aliandika hesabu mbili kwenye karatasi moja, upande kwa upande, akaituma kwa baba yake kwa mkono wa mtu wa moto. Baba akaionyesha kwa wenzake, wakaenda pamoja, bila kelele. Mwenye shimo alibishana, akahesabu mwenyewe kwa simu yake, akakubali kwa mgao uliofuata. Ya nyuma hakulipa hata kidogo. Baba akatuma neno lingine: mtoto amalize ile miezi.

Baada ya hapo «asilimia ya nini?» likawa swali la kila Jumamosi. Binti wa makala alituonyesha gunia lililonunuliwa kwa franka 30.000 na kuuzwa kwa 36.000: faida ni 6.000, na juu ya bei ya kununua ni 20%, si 16 na kitu kama vile aliyeigawanya kwa 36.000. Tukafanya ya karati: dhahabu safi ni karati 24, basi gramu 36 za karati 22 zina dhahabu safi gramu 33. Tukafanya na ya tola, ambayo kwa kipimo chake halisi ni gramu 11,66.

Kuna moja iliyonyamazisha chumba. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ulihesabiwa kuwa na wagonjwa 3.470, na kati yao 2.287 walikufa. Asilimia ngapi? Karibu 66. Mmoja akaandika: «Katika watu 100 wa kwetu, 66 walikufa.» Hapana. Ni katika wagonjwa 100. Ndani ya chumba kile wako waliozika mtu wao bila kugusa sanduku. Hakuna aliyecheka kosa lile.

Na mimi nikaleta yangu, kutoka Walawi 27. Shamba linalotosha mbegu homeri moja ya shayiri linapimwa shekeli 50, na kama yubile imekwisha kupita, kuhani anapunguza bei kwa kadiri ya miaka iliyobaki. Tukihesabu miaka 50: shamba la homeri 3, imebaki miaka 15, kuhani ataandika bei gani? 150 mara 15, gawanya kwa 50, ni shekeli 45. Vijana walishangaa kuona kanuni ya tatu ndani ya kitabu ambacho, kusema kweli, wengi wetu tunakiruka.

Kijana alifanya mtihani. Siku ya majibu majina yalibandikwa ukutani, na lake lilikuwa la tatu kutoka chini. Mama yake aliniambia kwamba aliisoma karatasi ile mara mbili, kutoka chini kwenda juu. Minervali bado haijatimia, baba ameleta sehemu ya kwanza.

Jumamosi bado tunakutana. Hii hapa ni ya mwezi huu, muifanye nyumbani, wazazi pamoja na watoto. Mama wawili wa Mususa wameungana kununua maharagi. Wa kwanza ametoa dolari 120, wa pili 80, na feza zote zimenunua maharagi. Wameyauza yote kwa dolari 260, na katika hizo wamelipa usafiri dolari 20. Wamepatana kugawana faida kwa kadiri ya feza ambayo kila mmoja alitoa. Kila mama anarudi nyumbani na dolari ngapi? Jibu mwezi ujao.